Maji hayakutoka ziwani

Mashua nilionyeshwa na mlinzi. Ilikuwa Agosti 2019, kiangazi, vumbi limetanda kwenye kila jani la Muhumba, mtaa wetu mmoja wa Bukavu, nami nilikuwa nimekwenda kwenye parseli moja, yaani kiwanja cha watu, kando ya Ziwa Kivu kumfundisha mtoto wa mwenye nyumba fizikia. Nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa kwa shitingi iliyochakaa. Nikainua pembe. Faiba. Mashua ya tanga ya mita sita hivi, yenye kijumba kidogo mbele, mlingoti wa aluminiamu umelazwa kando, na ubavuni zimebaki herufi nne tu za jina lake: ETTE. Zilitanguliwa na nini, hakuna aliyejua. Watoto wangu wanaiita Ete.

"Prof, unaitaka?" mlinzi akaniuliza. "Inatuzibia nafasi tu hapa."

Familia iliomba dola 600, tukapatana 450. Fedha zenyewe zilikuwa za likelemba, ule mchezo wa kuchangiana kwa zamu, zamu yangu ilikuwa imefika, na mama watoto alijua zinakwenda kwenye mabati ya jikoni. Nilimweleza baada ya kulipa. Siku tatu alinipakulia chakula bila kusema neno, na mabati yamekuja kupatikana mwaka 2022.

Hati ya mauzo niliandikiwa kwenye karatasi ya daftari na kijana mmoja wa ile familia. Miezi saba baadaye akatokea kaka yake mkubwa, akasema mashua ni ya marehemu baba yao na kijana hakuwa na ruhusa ya kuuza. Nikatoa dola 120 nyingine ili yaishe. Ukinunua chombo kilicholala miaka mingi kwenye parseli ya watu, waite wakubwa wote wa familia siku moja, waweke saini wote, wawepo mashahidi wawili, na uchukue nakala ya kadi ya uchaguzi ya kila mmoja. Utaonekana msumbufu. Vumilia.

Hapa kwetu mashua ya tanga haina hata msamiati. Kivu ni ziwa la makasia na injini. Wavuvi wa sambaza hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wakatoka jioni wakiimba, lakini tanga hawana habari nalo. Kwa hiyo kila kitu nilikiita kwa Kifaransa cha kubahatisha, mpaka nilipopata kamusi na kukuta watu wa pwani wana jina kwa kila kamba. Omo ni mbele, tezi ni nyuma, ngama ni tumboni mwa chombo, kule maji yanakojikusanya. Wana na methali: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Niliisoma nikacheka. Sikujua kwamba miaka miwili iliyofuata ningeishi ndani ya methali hiyo, nikiwa na ndoo mkononi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa rangi. Nilitaka watu waone. Septemba na Oktoba nilifukia kila shimo na kila ufa kwa mastike ya wale wanaonyoosha bodi za magari, nikapiga msasa, nikapaka mafuta ya buluu mara mbili, rangi ile ile ya milango ya nyumba. Kuzunguka vyuma vya sitaha, yaani sakafu ya juu ya mashua, nikajaza silikoni ya bafuni. Dola 130 zikaisha. Ilipendeza, nisiseme uongo. Desemba wanafunzi kumi walinisaidia kuiteremsha majini, nikapigwa picha nimeshika usukani kana kwamba nimevuka bahari.

Siku ya tatu ngama ilikuwa na maji ya vidole vinne. Siku ya tano, shubiri nzima.

Nikaitoa tena, watu kumi wengine, soda na beignets kwa wote, nikaanza kutafuta tundu chini. Nilikwangua, nikafukia, nikarudisha majini. Maji. Nikaitoa. Ile mastike ya magari, nilikuja kujifunza, hunyonya unyevu. Kwenye bodi ya gari juu ya rangi inafaa, chini ya usawa wa maji inavimba na kuachia. Silikoni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hata ukiibandua inaacha utando ambao gundi na rangi vinaukataa. Mpaka leo kuna duara moja kwenye sitaha yangu ambalo rangi haishiki.

Machi 2020 corona ikafunga shule na mpaka wa Rwanda. Mashua ilikuwa nchi kavu, juu ya magogo ya mikaratusi, mita ishirini kutoka ziwani. Nilikuwa na muda wote wa dunia na mshahara nusu. Ndipo akapita mzee mmoja wa kisiwa cha Idjwi, fundi wa mitumbwi, aliyekwama Bukavu kwa ajili ya usafiri. Aliizunguka mashua mara mbili, mikono nyuma. Akachungulia ndani.

"Prof, haya maji ya ndani yametoka wapi?"

"Ziwani, Mzee. Inavuja chini."

Akaangalia ziwa. Akaangalia magogo. Akaniangalia mimi.

"Hii boti ina wiki ngapi hapa juu?"

Ilikuwa na wiki tano. Na siku mbili kabla nilikuwa nimekamua ngama kwa sifongo mpaka ikakauka. Mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa nakamua maji kutoka kwenye chombo kilichokaa nchi kavu na bado nikitafuta tundu la chini.

"Haina shida na ziwa," Mzee akasema. "Iko na shida na mvua."

Akaniambia niingie kijumbani na tochi. Yeye akachukua bido la lita ishirini, akakoroga humo masizi ya sufuria, akaanza kumimina juu ya sitaha polepole, sehemu moja kwa wakati, akisubiri. Nililala chali humo ndani, uso karibu ugusane na dari. Dakika kumi, hakuna kitu. Kisha kwenye kichwa cha boliti moja, ile inayoshikilia chuma cha kufungia kamba upande wa kushoto, likatokea tone jeusi. Halikudondoka. Lilining'inia, likanenepa, likaanza kutembea kwenye dari kufuata mteremko, likapita sikio langu, likashika ubavu, na kushukia kwenye ngama karibu mita nzima kutoka pale lilipoingilia. Nilikuwa nimefukia kwa mastike hapo hapo liliposhukia. Mara tatu.

Tulipata boliti kumi na moja zinazovuja na pembe mbili za dirisha. Ukitafuta mvujo, usifuate unyevu. Fuata maji yakiwa yanatembea, mtu mmoja juu, mmoja ndani, yakiwa na rangi. Na anza kumimina sehemu ya chini ya mteremko ukipanda juu. Ukianzia juu, kila kitu kinalowa pamoja na hutajua lipi ni lipi.

Mzee hakuishia hapo. Alichukua bisibisi yangu, akaigeuza, akawa anagonga sitaha kwa mpini. Ko, ko, ko. Kisha bu. Hata mtoto angesikia tofauti. Nikaleta chaki ya darasani na kuzungushia kila palipolia bu. Tulipomaliza, karibu nusu ya sitaha ilikuwa imechorwa.

Kwa asiyejua: sitaha ya mashua za aina hii ni ngozi mbili nyembamba za faiba, na katikati yake triplex (plaiwudi) au mbao nyepesi. Ngozi zenyewe haziozi. Ila kila boliti inayopita hapo ni mlango, na maji ya mvua yakishaingia katikati hayana pa kutokea. Nilipokata ngozi ya juu kwa mashine, triplex ilitoka nyeusi, laini, nikaichota kwa kijiko cha ugali. Inanuka kama majani ya chai yaliyosahaulika kwenye birika.

Kuna jambo watu wa ziwa tunajidanganya. Tunasema sisi tumebahatika, maji yetu hayana chumvi, vyuma haviliwi upesi na kutu, na wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hatuna. Ni kweli yote. Lakini chumvi ni adui wa kuvu. Mbao iliyolowa maji ya bahari inachelewa kuoza. Iliyolowa maji ya mvua inaoza upesi, na Bukavu mvua inaanza Septemba na kutuacha Mei.

Epoksi, gundi inayoganda ikichanganywa na dawa yake, niliagiza Kampala kupitia mfanyabiashara wa Kadutu hapa mjini, maana malori ya mizigo yaliruhusiwa kuvuka hata mpaka ulipofungiwa watu. Pamoja na vitambaa vya faiba ilinitoka dola 520. Hapo nilishawishika kutumia rezini ya poliesta, iliyo nafuu. Kwa kutengeneza faiba juu ya faiba, poliesta inaweza kufaa ukikwangua vizuri. Kwa kushika mbao, usijaribu. Inabanduka kama gamba. Tena ukishaweka epoksi mahali, poliesta juu yake haitashika vizuri, kwa hiyo amua moja tangu mwanzo. Na ile dawa ya kugandisha poliesta, kichupa kidogo kisicho na rangi, ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha. Vaa miwani. Kwenye chupa niliyouziwa kwa rejareja hapa mjini hakukuwa na hata lebo.

Julai 2020, kiangazi kikavu, nikaanza. Triplex mpya nilikata vipande vya kutoshea, nikavipaka epoksi pande zote na hasa kwenye kingo. Halafu nikafanya kosa ambalo bado nalinusa. Nilitaka kumaliza upande mzima kwa siku moja, nikachanganya kilo mbili na nusu kwenye ndoo moja ya plastiki. Epoksi inapoganda inatoa joto, na ikiwa nyingi kwenye chombo kirefu joto halina pa kwenda, linajichochea lenyewe. Mwalimu wa fizikia nililijua hilo ubaoni. Baada ya dakika kama kumi na tano ndoo ilikuwa ya moto, mara ikaanza kutoa moshi mweupe, plastiki ikalegea na kuinama upande mmoja kama mtu aliyesinzia kanisani. Mwanafunzi aliyekuwa akinisaidia aliibeba kwa ubao mbio na kuitupa mchangani. Dola sitini hivi zilikaa pale zikitoka moshi mpaka jioni.

Changanya kidogo kidogo, gramu mia mbili au tatu. Mimina mara moja kwenye sinia pana. Pima kwa mizani ya jikoni, usikadirie kwa jicho, kwa sababu epoksi haivumilii: ukizidisha dawa ya kugandisha haigandi haraka zaidi, inabaki nata milele. Usiku wa Bukavu kiangazi una baridi, tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, basi anza kazi saa mbili asubuhi ili jua likusaidie, na jioni funika kwa shitingi nyeusi iliyoshika joto la mchana. Asubuhi utakuta utando wa mafuta juu. Watu wengi huupiga msasa. Uoshe kwanza kwa maji na sifongo. Msasa unausambaza tu, na tabaka linalofuata halitashika.

Na glavu. Nilifanya wiki mbili mikono mitupu kwa sababu glavu zilipanda bei wakati wa corona. Vipele vilianza kwenye vifundo, vikapanda mpaka kwenye viwiko. Mwili ukishaikataa epoksi haukubali tena; hata sasa nikikaa karibu na kopo lililofunguliwa, ngozi inaniwasha. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wala vumbi la faiba. Nilikohoa mwezi mzima na jirani wote wakajua nina corona.

Matundu ya boliti ndiyo sehemu niliyoifanya vizuri, acha nijisifu. Kila tundu nilitoboa kubwa kuliko boliti, karibu mara mbili, nikakwangua triplex ya pembeni kwa msumari uliopindwa, nikajaza epoksi iliyokorogwa na unga laini wa mbao. Ilipoganda, nikatoboa upya tundu la kipimo katikati ya ile epoksi. Sasa maji yakipenya kwenye boliti yanakutana na jiwe, hayaifikii mbao. Chini ya kila boliti niliweka ubao wa muvula badala ya washa ndogo. Kazi ya wiki tatu.

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na Goma ikaamriwa kuhama siku chache baadaye, mtoto wa baba mdogo alishuka na boti mpaka kwetu, yeye, mke na watoto wanne. Ni fundi viatu. Wiki ya pili akachoka kukaa. Nikamwonyesha tanga, lililokuwa limekunjwa kwenye gunia miaka yote hiyo.

Akalivuta mikononi, akasikiliza. Kitambaa kilikuwa kizima, nyuzi ndizo zilizokufa. Jua linakula uzi kabla ya nguo. Aliweka kucha kwenye mshono na kusogeza, mshono ukafunguka kama zipu. Alilishona upya lote kwa sindano yake ya viatu, akipitisha kwenye matundu yale yale ya zamani ili asilichoshe kitambaa. Uzi tuliutafuta wa poliesta, wala si nailoni inayovutika na kuchoka juani. Siku kumi na moja. Alikataa malipo, akakubali viatu vya watoto. Tanga lisilotumika linafunikwa au linateremshwa. Kuliacha juani juu ya mlingoti, kwenye jua letu la karibu na ikweta, ni kulichoma polepole.

Waya za kushikilia mlingoti nilizipima kwa pamba: unaipitisha juu ya waya, na palipokatika hata uzi mmoja pamba inanasa. Zilinasa nne kati ya tano. Waya zisizoshika kutu za madukani kwa mashua hazipatikani hapa, nikachukua waya wa mabati wa milimita tano, ambao kwenye maji yasiyo na chumvi unadumu ukiupaka grisi. Ncha zake nikazifunga kwa vile vibanio vyenye upinde wa U, vitatu kila ncha. Nikavifunga kinyume.

Hilo nililijua siku ya nne ya kutembea, Julai 2021, nje kidogo ya Nguba. Upepo wa kusini wa mchana ulikuwa umekaza, nikageuza mashua ili tanga lipite upande wa pili, na nikasikia mlio mfupi juu, kama mtu anavuta msumari kwenye bati. Waya ulitoka ndani ya vibanio kama uzi kwenye sindano. Mlingoti ulianguka kwenye maji, upande wa kulia, nusu mita kutoka kwa binti yangu. Hakuumia. Alikuwa amevaa jile, lile koti la kuelea. Wote tulikuwa nazo, sharti la mama yao tangu mashua ya abiria ilipozama upande wa Kalehe, Aprili 2019. Tulirudi kwa makasia saa mbili nzima, na hakuna aliyezungumza.

Upinde wa U unakaa upande wa ncha iliyokatwa. Lile tandiko la chuma linakaa upande wa waya unaobeba mzigo. Vyote vitatu vielekee upande mmoja, na ukishavuta mzigo mara ya kwanza, kaza tena. Niliyafahamu hayo baada ya kumuuliza fundi wa nguzo za simu, maelezo ya dakika mbili.

Binti alikataa kupanda tena mpaka 2023. Sikumlazimisha.

Hesabu yangu, pamoja na ile ndoo ya moshi, inafika dola 1,825: ununuzi na yule kaka mkubwa 570, vilivyopotea kwenye rangi na mastike 130, epoksi na faiba 520, mbao 140, waya na boliti 115, kamba 90, jile nne 100, na wabebaji na mlinzi 160. Kwa fedha hizo ningenunua pikipiki na ingekuwa inanilisha. Ningeanza upya leo, ningegonga sitaha kwa mpini wa bisibisi kabla ya kutaja bei, na kama zaidi ya robo yake inalia bu, ningetoa dola mia mbili au ningeondoka.

Watu huniuliza kuhusu gesi ya ziwa, kama haitatulipua. Methani ya Kivu imeyeyuka kwenye vina vikubwa, mamia ya mita chini, mashua ya mita sita haiwezi kuichokoza. Kinachonisumbua mimi ni nanga: ukingo unashuka ghafla, hatua chache umeshapoteza chini, na kamba inatakiwa iwe mara tano ya kina. Kinachonisumbua zaidi ni chupa na mifuko ya plastiki inayoteremka kutoka milimani kila mvua na kunasa kwenye usukani. Walau chupa nimezipatia kazi. Chini ya viti nimejaza mia mbili za lita moja na nusu, zimefungwa vifuniko kwa gundi, kilo mia tatu za kuelea endapo tutajaa maji.

Mzee wa Idjwi alipita mwezi uliopita kuiona. Akagonga sitaha yote, ko, ko, ko, mpaka omo. Kisha akaomba tochi, akaingia kijumbani, akakaa humo muda. Alitoka na kidole kilicholowa. Boliti ya tatu kulia, pembeni mwa lile duara la silikoni, bado inapitisha. Kiangazi nitaifungua.